Dirisha la barua kwenye komini, Lubumbashi: kupokea linapokea, kujibu mpaka lisukumwe

Huduma tunayoipima hapa ni moja: dirisha la kupokea barua kwenye biro za komini (serikali za mitaa ya mji) za Lubumbashi, Kongo, pale raia anapoomba karatasi ya Leta, yaani ya serikali, na jibu likachelewa. Tuchukue ombi la mwenyeji wa komini yenye mgodi: komini imepokea kiasi gani cha mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni kwa Leta kwa madini inayochimba, na hela hizo zimejenga nini? Si swali la uchokozi. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wazi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta au shefferi (eneo la chifu) ambamo mgodi unachimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Na kifungu cha 24 cha Katiba ya 2006 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari.

Kwa kupokea, tunalipatia dirisha alama 4 juu ya 5. Unaleta kopi mbili za barua. Moja inabaki, ya pili inarudi mkononi mwako ikiwa na muhuri. Hiyo ya pili ndiyo akize yako, na bila hiyo huna malalamiko, una maneno tu. Iangalie kabla ya kuondoka dirishani: lazima iwe na tarehe, namba ya kitabu cha barua zinazoingia, sahihi, na jina la aliyepokea lisomeke. Kinachokosekana sana ni tarehe. Muhuri unagongwa vizuri, wino umekolea, lakini nafasi ya tarehe iko wazi. Miezi ikipita, biro inaweza kusema barua ililetwa juzi. Omba tarehe iandikwe kwa mkono palepale, kwa heshima: «Mama, tunaomba utuwekee na tarehe.» Kuweka barua hakulipiwi. Ukiombwa hela ya fotokopi, dai kitansi (risiti).

Kwa kujibu, 2 juu ya 5, na sababu iko ndani ya biro kuliko watu wengi wanavyofikiri. Barua ikishaandikwa kitabuni inaingia kwenye shemizi (jalada), inapanda kwa mkuu wa komini, naye anaandika pembeni jina la biro itakayoishughulikia. Kisha inashuka. Barua nyingi hulala katika kushuka huko, mezani kwa mtu asiyejua kwamba inamhusu. Kwa hiyo anayerudi dirishani na kuuliza «jibu liko wapi?» ataambiwa «mukubwa hayiko, urudie kesho kutwa», na kesho kutwa itakuwa vilevile. Swali linalofungua mlango ni lingine: «Namba fulani, mkuu aliiandikia biro gani?» Ukishajua ni ya fedha au ya mipango, unakwenda huko moja kwa moja na akize yako.

Kosa la upande wa raia nalo lipo. Ombi la «habari zote za hela za komini» halijibiki. Hakuna karatasi yenye jina hilo. Taja hati: orodha ya mrabaha uliopokelewa kuanzia Januari hadi Desemba mwaka fulani, bajeti iliyopitishwa, mkataba wa kazi ya barabara au shule fulani. Hati mbili au tatu zinatosha kwa barua moja. Usichanganye ombi na mashtaka. Ukimwita mkuu mwizi katika mstari wa pili, barua inakwenda kwa wanasheria badala ya kwenda kwa mhasibu. Sekretaria za pembeni zinazopiga barua kwa kompyuta zinasaidia sana Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya kazi za Leta, ila zina mazoea ya kujaza ukurasa mzima wa salamu. Waambie wakate: somo la barua mstari mmoja, ombi aya mbili, majina ya hati, anwani na simu.

Jibu likikawia, kazi inahamia kifungu cha 27 cha Katiba: Mkongomani, peke yake au na wenzake, anaweza kuandikia mamlaka ya umma petisyo, yaani barua rasmi ya madai, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hichohicho kinakataza kumshtaki mtu kwa kuwa ameandika. Andika neno petisyo kwenye somo la barua, taja kifungu, ambatisha kopi ya akize ya kwanza, na pale juu weka kopi kwa gavana wa jimbo. Miezi 3 ihesabiwe kuanzia muhuri wa petisyo, si wa ombi la kwanza. Hapo ndipo wengi wanakosea hesabu.

Kama unachotafuta ni mkataba wenyewe wa madini, usipoteze wiki kwenye dirisha la komini. Amri ya 20 Mei 2011 inalazimisha mikataba ya mali asili itangazwe ndani ya siku 60 tangu ianze kufanya kazi. Itafute kwanza kati ya ile iliyotangazwa na wizara.

Miezi 3 ikipita kimya, peleka faili kwenye Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa na sheria ya 21 Machi 2013. Faili iwe nyembamba: kopi ya ombi, kopi ya petisyo, zote mbili zikiwa na muhuri, na ukurasa mmoja wa tarehe za kila safari uliyofanya, biro uliyofika na jibu ulilopewa. Barua zenyewe zenye muhuri wa asili zibaki nyumbani.