Tritiamu au Nyuzi za Mwanga kwa Glock 19

Mmiliki wa bastola ya Glock 19 nchini Marekani anayetaka kuondoa vilengeo vya plastiki vya kiwandani mara nyingi huchagua kati ya aina mbili, na zote huingia mahali palepale bila kuchonga chuma. Vya tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu, hung'aa vyenyewe gizani, ingawa mng'ao huo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Vya nyuzi za plastiki zinazopitisha mwanga hutegemea mwanga wa mazingira: juani nukta yake huonekana upesi mno, lakini gizani hutoweka, na uzi wenyewe huweza kukatika. Kwa mashindano ya mchana ningechukua nyuzi. Kwa bastola ya kujilinda nyumbani, ambako huenda taa zimezimwa, nachagua tritiamu bila kusita. Kilengeo cha nyuma, ambacho hukaza sana, afadhali kifungwe na fundi.