Pale pa gemu za ndege Michenzani: nendeni, ila mashine ya kati muiache

Wiki ya tatu hii nakwenda pale Michenzani, kile chumba cha gemu chini ya magorofa, si zile gemu za mpira za kila mtaa hapana, hawa wameweka mashine tatu za kurusha ndege za kivita, jostiki nzito ya ukweli, pedeli za miguu na hedifoni, saa moja elfu tatu. Nimepapenda sana na nataka watu wapajue.

Kilichonivutia khasa ni yule kaka anayesimamia. Kwengine ukikaa tu unapewa ndege mpya na makombora mapya, unabonyeza, mwenzio karipuka, basi. Huyu hakupi. Siku ya kwanza kaniweka kwenye F-4 Phantom, ndege ya kivita ya zamani ya Marekani, makombora manne ya Sparrow yamejibana chini ya tumbo, akanambia "mdogo wangu, AMRAAM, lile kombora jipya, utaipata ukishajua hii Sparrow inataka nini". Nikaona ananichelewesha, sasa hivi namshukuru.

Maana Sparrow haina rada ya kutuma mawimbi, puani mwake mna antena ya kupokea tu. Rada ya ndege yako ndio inammulika adui na kombora linafuata ule mwangwi unaorudi. Sisi tuliokulia Pemba tukichokoa pweza usiku maji yakitoka jambo hili tunalijua, mmoja kashika taa mwengine kashika mchokoo, mwenye taa akigeuka tu na pweza humuoni tena. Basi ukishafyatua huwezi kukimbia, unabaki umemuelekea adui na yeye anakuja, unahesabu sekunde. Mie mara ya kwanza niligeuza pua kidogo tu, alama ya kuloki, yaani rada imemshika adui, ikapotea kwenye skrini na kombora likenda zake baharini.

Na gemu yao haikudanganyi, kuna wakati unafyatua na roketi haiwaki kabisa. Nikadhani mashine mbovu, kaka akasema hapana, ndivyo ilivyokuwa, kule Vietnam Sparrow zilizopiga zilikuwa chini ya moja katika kumi. Zile za mwanzo ndani mlikuwa na vitaa vya vioo kama vya redio za zamani, zikitikiswa kila ndege ikitua, unyevu nao unaingia, halafu marubani mara nyingi walitakiwa wamuone adui kwa macho kwanza ndio wapige, wakati kombora lenyewe limetengenezwa kwa ajili ya mbali, ukiwa karibu mno halina nafasi ya kujipanga. Baadae zikabadilishwa vifaa vya ndani, na vita vya Ghuba vya 1991 Sparrow ndio iliyoangusha ndege nyingi zaidi upande wa Marekani. Jina lile lile, urefu ule ule, tumbo jipya.

Wiki ya pili ndio nikapewa AMRAAM, ile AIM-120 iliyoingia kazini 1991. Urefu unakaribiana, kiasi mita 3.7, ila hii ina kilo kama 150 na Sparrow inapita 200. Puani mna rada yake wenyewe ndogo, inakwenda kwanza kwa vipimo vyake vya ndani huku ndege yako inaitumia habari adui kahamia wapi, ikikaribia ndio inawasha rada yake na wewe unageuza unaondoka zako. Sasa ikija kwako! Mlio wa tahadhari kwenye hedifoni unabadilika ghafla, unakuwa wa haraka haraka, na viganja vyangu vilirowa jasho mpaka jostiki ikateleza. Nilichojifunza ni kwamba roketi inawaka sekunde chache tu, baada ya hapo kombora linaserereka kwa kasi iliyobaki, ukiwahi kugeuka mapema na kushuka linakuja likichoka, ukichelewa limekwisha kukupata, na si lazima likuguse, lina kidude kinachohisi ndege iko karibu ndio kinaripua.

Kasoro sasa. Mashine ya kati jostiki yake inavuta kushoto peke yake. Kwa AMRAAM unaweza kuvumilia, kwa Sparrow ndio basi tena, pua ikiserereka na kuloki kumekwenda, na mie nimelipia saa nzima pale kabla sijajua, walitakiwa waniambie. Hedifoni za mashine ya mlangoni sikio moja halisikiki. Na umeme ukikatika hawana betri ya akiba, kila kitu kinaanza upya, siku ile nilirudishiwa nusu saa lakini nilikuwa nimebakisha adui mmoja.

Choo kisafi, feni mbili, joto lipo.

Nendeni baada ya alasiri siku za kazi, watoto wa skuli hawajajaa. Kaeni mashine ya dirishani, na mkiulizwa mnataka ndege gani semeni Phantom.