Busan na Jeju: yeye alifuata kitimoto, mimi nilifuata samaki

Mimi ni wa Tanga, mume wangu ni wa Marangu. Ukishajua hayo mawili umeijua nusu ya safari yetu: mimi nilikwenda Korea Kusini kula samaki, yeye alikwenda kula kitimoto na kupanda mlima, na tulikubaliana kila mmoja amsindikize mwenzake bila kununa. Kununa kulikuwepo, nitafika huko.

Ilikuwa Oktoba mwaka jana, siku tisa: nne Busan, tano kisiwani Jeju. Hatukutumia wakala. Viza tuliomba ubalozi wa Korea pale Dar es Salaam, tukaruka kupitia Addis Ababa hadi Incheon, uwanja wa ndege wa Seoul, na kutoka Seoul tukapanda treni ya mwendokasi, KTX, hata saa tatu hazikutimia tukawa Busan. Seoul tuliiruka makusudi. Watu walitushangaa, lakini mimi mji usio na bandari sijui nianzie wapi kula.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda soko la Jagalchi. Nimekulia jirani na soko la samaki la Deep Sea, Tanga, kwa hiyo nilifika na kiburi changu. Kikaishia mlangoni. Samaki wako hai, kwenye matangi na mabeseni yanayopitisha maji muda wote, na wauzaji wengi ni wanawake wa makamo kwenda juu, wamevaa gambuti na aproni za mpira, kila mmoja anakuita kana kwamba anakudai. Unachagua samaki chini, anaopolewa na kutengenezwa mbele ya macho yako, halafu unapandishwa ghorofani kumla. Huko juu unalipia meza, majani na michuzi, mbali na bei ya samaki mwenyewe. Sisi hatukuambiwa hilo kabla ya kukaa, na bili ilipokuja nilitaka kuanza maneno ya Kitanga. Waliotuhudumia siwataji, maana kosa ni letu pia: uliza kwanza, ndipo uvute kiti.

Nilichoagiza siku ile kilikuwa sannakji, yaani pweza mdogo aliyekatwa vipande sasa hivi, akapakwa mafuta ya ufuta, na vipande bado vinajinyonganyonga kwenye sahani. Kwetu pweza hupigwa chini mpaka akate tamaa, kisha chunguni. Huyu alining'ang'ania ulimi. Wanakuonya utafune sawasawa kabla ya kumeza, maana vile vinyonyeo vyake vinaweza kunata kooni. Nilitafuna. Ladha ni ndogo, utamu uko kwenye ule mvutano wa meno na nyama. Mume wangu muda wote alikuwa anaangalia meli dirishani.

Neno lililotufaa kuliko yote tuliyojifunza ni "imo". Ni dada wa mama, yaani mama mdogo au mama mkubwa, na ndivyo wateja wanavyomwita mama anayewahudumia kwenye mgahawa. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Nilipomwita imo mama mmoja wa duka la supu, aliweka chini bakuli alilobeba, akanitazama, akacheka, akaniletea sahani nyingine ya kimchi, ile kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili. Ingawa hata ningekaa kimya angeniletea: vile visahani vya pembeni, banchan, havina bei, na vikiisha vinajazwa.

Hilo duka la supu ndilo tulilorudia mara tatu. Chakula chenyewe kinaitwa dwaeji gukbap, na Busan ndiyo kwao. Ni supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe, imechemka mpaka imekuwa kama maziwa, ndani yake wali na vipande vya nyama, inaletwa ikiwa bado inatokota. Mtu aliyezoea supu ya asubuhi pale kwetu haoni ugeni wowote. Kilichonishangaza ni chumvi. Huletewi chumvi, unaletewa kibakuli cha uduvi waliokaa kwenye chumvi mpaka wakachacha, unatia kijiko, unakoroga, unaonja, unatia tena. Uduvi! Mtoto wa Pwani nikajikuta nyumbani ndani ya supu ya kitimoto. Bakuli lilikuwa won 10,000, kama shilingi 18,000 hivi kwa siku zile, na lilitutosha mpaka saa nane mchana bila kuulizana njaa.

Milmyeon nayo usiiache. Ni tambi za baridi, kwenye mchuzi wenye vipande vya barafu. Tambi za namna hiyo asili yake ni kaskazini na zilipikwa kwa unga wa ngano nyeusi. Wakimbizi wa vita vya 1950 hadi 1953 walipojazana Busan hawakuupata unga huo, wakatumia ngano iliyokuja kwa misaada ya Wamarekani. Imo anakuja na mkasi, anakukatia tambi bakulini. Mkasi uko kila mahali jikoni kwao: nyama, kimchi, tambi, vyote mkasi. Mume wangu aliupenda mkasi kuliko chakula.

Siku ya tatu ilikuwa ya miguu. Mlima Geumjeongsan uko humohumo jijini. Unashuka metro kituo cha Beomeosa, basi linakupandisha hadi hekalu la Beomeosa, lililoanzishwa mwaka 678, na njia inaendelea juu kupita hekalu. Unakanyaga mawe makubwa saa moja na kidogo, unatokea Bukmun, lango la kaskazini la ngome ya mwaka 1703, na kutoka hapo kilele cha Godangbong, mita 801, hakiko mbali. Mlima si mgumu. Waliotuaibisha ni wazee wa miaka sabini waliotupita na fimbo mbili mbili na viatu vya maana kuliko vyetu. Bibi mmoja alinisimamisha, akatoa tango mkobani, akalivunja, akanipa nusu. Nililimaliza kabla sijakumbuka kushukuru.

Tuliteremkia kijiji cha Sanseong, kilichomo ndani ya ngome, kwa sababu moja tu: makgeolli. Ni pombe ya mchele, nyeupe, nzito, na ya kijijini pale ina sifa nchi nzima kwa sababu ya chachu yake, ambayo ni ngano inayofungwa kwenye kitambaa na kukanyagwa kwa miguu mpaka iwe bapa. Inaletwa kwenye birika, inanyweka kwa bakuli. Mume wangu aliinusa, akaizungusha bakulini, akanywa, akakaa kimya kidogo.

"Hii ni mbege iliyokosa ndizi," alisema.

Tuliagiza na pajeon, chapati nene ya majani ya vitunguu, na birika la pili. Kwenye basi la kurudi mmoja wetu alipitiwa na usingizi na mwingine akamwamsha. Nani alimwamsha nani hatujakubaliana mpaka leo.

Gamcheon, kile kijiji cha nyumba za rangi rangi kinachojaa kwenye picha za Busan, tulikwenda. Foleni ya kupiga picha ilikuwa ndefu kuliko kijiji. Tukaondoka.

Jeju ni kama saa moja kwa ndege kutoka Busan. Wenyewe husema kisiwa chao kimejaaliwa vitu vitatu: upepo, mawe na wanawake. Upepo tuliupata uwanjani, na mawe ni meusi, ya volkano, yamepangwa kuzunguka kila shamba bila saruji, yana matundu ya kupitishia upepo ili ukuta usianguke. Wanawake nitawarudia.

Kwanza Hallasan, mlima mrefu kuliko yote Korea Kusini. Mita 1,947. Mume wangu, ambaye baba yake alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, alipoisoma hiyo namba alicheka chai ikamtoka puani. "Geti la Marangu lenyewe liko juu ya mita 1,800," alisema. "Huo ni mlima au ni mahali pa kupaki gari?" Kwa dharau hiyo tulilala mpaka jua likatoka, tukanywa supu kwanza, na kwenye njia ya Seongpanak tukaanza kutembea saa tatu asubuhi.

Njia ya Seongpanak ni kilometa 9.6 kwenda tu. Kilele kinataka uweke nafasi mapema mtandaoni, haina malipo, lakini kwa njia hii mwisho ni watu 1,000 kwa siku. Nafasi tulikuwa nayo. Tusichokitilia maanani ni kwamba kwenye kilometa ya 7.3, kibanda cha Jindallaebat, kuna saa ya kufunga, inayobadilika kwa msimu, na ukiipita hupandi. Halafu mimi niliona kibao cha Sara Oreum, kilima chenye ziwa la kreta juu yake, mita 600 tu nje ya njia, nikasema tupinde. Tulipinda. Maji yalikuwa kidogo, yametulia, majani mekundu pembeni, tukakaa tukala mikate ya wali na mwani, gimbap, na tukapiga picha nyingi zisizo na maana.

Tulifika Jindallaebat tumechelewa dakika kumi na tano.

Askari wa hifadhi hakufoka. Alikunja mikono kifuani ikawa herufi ya X, ndiyo hapana yao. Mume wangu akaniambia, "Mwandikie kwamba natoka Kilimanjaro." Nikaandika kwenye programu ya kutafsiri, nikampa simu. Askari akaisoma, akamwinamia mume wangu kwa heshima zote, akanyooka, akakunja tena mikono X.

Kilometa saba na ushei za mawe kushuka, hatukusemeshana. Yeye ananilaumu kwa Sara Oreum, mimi namlaumu kwa usingizi na supu.

Tulipatanishwa na nguruwe mweusi wa Jeju. Heukdwaeji: mapande manene kama kitabu, na ngozi yake, juu ya mkaa. Juu ya wavu huohuo wanaweka kibakuli cha mchuzi wa dagaa waliochacha, meljeot, unatokota taratibu wakati nyama inaiva. Dada anakuja na mkasi, anakata, anakuonyesha: jani la letusi, nyama iliyochovywa kwenye dagaa, kitunguu saumu, funga, mdomoni yote kwa mara moja. Mume wangu amekula kitimoto tangu ana meno. Alifumba macho. "Wametushinda," alisema, na kwa Mchaga kutamka hivyo kuhusu nguruwe ni jambo kubwa. Tulilipa zaidi ya won 60,000 kwa watu wawili. Si bei ya kila siku.

Kesho yake tulipanda upande mwingine wa mlima uleule, njia ya Yeongsil, ambayo haifiki kileleni lakini kwa macho yangu ndiyo nzuri zaidi. Ni fupi, inapanda kwa ngazi kando ya miamba inayosimama kama watu, inatokea uwandani Witse Oreum, mita 1,700. Chini unaona vilima vya volkano vimetapakaa mpaka baharini. Hadithi ya ile miamba inahusu chungu: mama mwenye wana 500 alikuwa anawapikia uji wakati wa njaa, akateleza akatumbukia. Wana wakarudi wakala, wakausifu uji ule, mpaka wa mwisho akakuta mifupa. Walilia wakageuka mawe. Nilisimuliwa hiyo nikiwa natafuna, nikaacha.

Siku niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Olle. Neno hilo kwa lahaja ya Jeju ni kichochoro cha kutoka barabarani hadi mlangoni kwako, na tangu 2007 ndilo jina la njia za miguu zinazozunguka kisiwa. Tulitembea ya kwanza, kama kilometa 15, kwa kufuata utepe wa bluu na wa rangi ya chungwa uliofungwa mitini. Inapanda vilima viwili vyenye ng'ombe, inapita katikati ya mashamba, inakutupa ufukweni karibu na kilima cha volkano cha Seongsan Ilchulbong.

Hapo ndipo nilipowaona haenyeo, wanawake wazamiaji, walioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2016. Wengi ni bibi. Hawana mtungi wa hewa. Wanazama kwa pumzi yao, wakiibuka wanatoa mluzi mwembamba kama wa ndege, ndiyo pumzi inatoka. Nilisimama nikawasikiliza mpaka mume wangu akaja kunitafuta. Nimewakumbuka mama zetu wanaotoka na maji kupwa kuchokoa pweza, migongo imepinda, hakuna orodha iliyowataja.

Kisha nikala walichouza: konokono wa baharini, na jongoo bahari mbichi. Jongoo bahari kwetu anaokotwa, anakaushwa, anauzwa nje, na hujawahi kumwona chunguni. Nimemla sasa. Anakwaruza chini ya jino kama gegedu, halafu inabaki ladha ya bahari tupu. Kwa kweli, sijakosa kitu utotoni.

Malalamiko: nyumba tuliyopanga Jeju iliuzwa kwa picha ya bahari, dirisha likatazama maegesho ya magari. Sakafu yao inapashwa moto kutoka chini, tukashindwa kuipunguza, tukalala usiku wa kwanza tumeumuka kama mkate. Ramani ya Google kwa kutembea haikutufaa, ingiza Naver Map kabla hujaondoka. Mabasi ya Jeju yanafika kila mahali ila kwa subira, na jioni yanapungua. Bakshishi hakuna, niliacha won 2,000 mezani, imo akanikimbiza hadi barabarani kunirudishia.

Busan naipa nyota tano. Jeju nne, na ile ya tano iko Jindallaebat. Mume wangu ameshasema tukirudi tutakuwa njiani kabla ya jua, na Sara Oreum nitaiona wakati wa kushuka.