Vibao vya Gari Refu kwa Karavani Inayokwenda Hispania: Ufungaji Upi Ununue

Anayevuta karavani, yaani nyumba ya safari inayofungwa nyuma ya gari, kuelekea Hispania kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue kibao gani cha kuwaonya walio nyuma kwamba gari ni refu. Jibu la swali hilo ni fupi. La kuumiza kichwa ni jinsi kibao kitakavyoshikiliwa nyuma ya karavani, ili kisiruke barabarani, ukuta usitobolewe, na kitoke kwa urahisi safari ikiisha. Hapa nimepanga njia za kufunga, kuanzia ile ambayo ningeilipia kwanza hadi zile ambazo ningeziacha dukani.

Pima kabla ya kununua

Hispania hudai kibao hicho, ambacho huko huitwa alama ya V-6, nyuma ya gari lolote, au gari pamoja na trela lake, linalozidi urefu wa mita 12. Mita 12 huonekana nyingi mpaka uanze kujumlisha. Gari la mita 4.7 likivuta karavani ya mita 7.5, ukihesabu na shingo yake (chuma cha mbele kinachoiunganisha na gari), tayari limevuka. Nalo gari la kambi (lile lenye makazi ndani yake) la urefu wa mita 8, likivuta trela lililobeba gari dogo, linavuka bila shaka.

Usiamini karatasi za mtengenezaji peke yake. Karavani huandikiwa urefu wa aina mbili, wa bodi na wa jumla pamoja na shingo, na watu wengi husoma ule mfupi. Funga karavani kwenye gari mahali tambarare, kisha pima kutoka bampa ya mbele hadi ncha ya mwisho nyuma. Ukikuta uko sentimita chache chini ya 12, mimi ningeweka vibao hata hivyo. Askari hapimi kwa kanda yako, na asiye mkazi wa Hispania hutakiwa kulipa faini papo hapo, la sivyo gari linaweza kuzuiwa. Ukivuka mpaka kwa La Jonquera utakutana na polisi wa Mossos d'Esquadra wa Katalonia, kwa Irun ni Ertzaintza wa nchi ya Wabaski, na sehemu nyingi zilizobaki ni Guardia Civil.

Faini si sababu kubwa kuliko zote. Dereva anayetaka kukupita kwenye barabara ya njia mbili anaona mgongo wa karavani tu. Gari linaloivuta limefichwa mbele yake. Kibao ndicho kinachomwambia kwamba anachotaka kukipita ni kirefu kuliko kinavyoonekana, kabla hajaingia upande wa magari yanayokuja.

Kibao chenyewe

Kinachotakiwa ni kibao cha njano kinachoakisi mwanga, chenye ukingo mwekundu. Vipimo vya Hispania ni kibao kimoja cha sentimita 130 kwa 25, au viwili vya sentimita 50 kwa 25 vinavyowekwa kulia na kushoto, karibu na kingo kadiri inavyowezekana. Vyote vikae kati ya sentimita 50 na 150 kutoka ardhini. Vile vyenye mistari ya mshazari, ya njano na nyekundu, ni vya malori. Usivinunue hata vikiuzwa bei ya chini.

Geuza kibao utafute muhuri wa idhini: duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano E1 kwa Ujerumani, E4 kwa Uholanzi, E9 kwa Hispania. Kando yake kuwe na namba 70, ambayo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vibao hivi. Vibao vipya zaidi vinaweza kuwa na namba 150, kanuni iliyokusanya pamoja kanuni kadhaa za viakisi mwanga. Kibao kisicho na muhuri ni plastiki ya rangi tu. Usiku kinaweza kung'aa kidogo, lakini hakuna aliyekipima.

Chukua cha alumini, si cha plastiki nyembamba. Alumini hainyumbuki kwa upepo, na kibao kinachonyumbuka hung'oa gundi polepole kuanzia pembeni. Ninapendekeza jozi ya vibao vifupi kuliko kimoja kirefu. Migongo mingi ya karavani imepinda kidogo katikati, tena katikati ndipo penye dirisha, namba na mara nyingine kibebeo cha baiskeli. Kibao cha sentimita 130 hukosa mahali pa kulala sawasawa.

1. Reli za alumini zilizogandishwa

Hii ndiyo ningeinunua. Vipande viwili vya reli, vyenye umbo la herufi U au C, hugandishwa ukutani na kubaki hapo daima. Kibao huteremka ndani yake kwa pembeni na kufungwa kwa pini au skrubu ya mkono. Ukifika nyumbani unavuta pini, unachomoa kibao na kukihifadhi chini ya kitanda. Kinachobaki ukutani ni mistari miwili myembamba isiyomkera mtu.

Nguvu ya njia hii inatokana na mgawanyo wa kazi. Gundi hubeba reli tu na haiguswi tena, wakati kibao kinashikwa na reli yenyewe. Tumia tepu ya povu ya akriliki yenye kunata pande mbili, ile inayotumika kubandika mapambo ya nje ya magari. Usitoboe. Ukuta wa karavani ni tabaka jembamba la faibaglasi, plastiki au alumini juu ya povu na mbao, na tundu moja lililozibwa vibaya huingiza maji polepole hadi mbao zioze bila wewe kujua. Atakayeinunua karavani yako atakuja na kipima unyevu, na hapo ndipo tundu litakapokugharimu.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi. Safisha kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Usitumie asetoni, petroli wala thina, kwa sababu huchubua plastiki na kuitia nyufa. Weka alama kwa tepu ya karatasi, tumia pima maji ili vibao viwili vilingane, kisha kandamiza kwa nguvu. Fanya kazi hii siku ya joto, kisha uache siku tatu kabla ya kuingia barabarani, maana tepu ya namna hii huhitaji takriban saa 72 kufikia nguvu yake yote. Anayebandika usiku wa kuamkia safari anajitafutia hasara.

2. Vifungo vya plastiki vinavyobana

Hivi vinafanana na velkro lakini ni jamii nyingine. Pande zote mbili zina vijiti vidogo vyenye vichwa vya uyoga ambavyo hubanana kwa mlio. Kampuni ya 3M huviuza kwa jina la Dual Lock. Vipande vinne hadi sita kwa kila kibao vinatosha, na kibao hutoka kwa kukivuta kwa nguvu kuanzia pembeni.

Nimeviweka namba mbili kwa sababu kila ukivuta kibao unaivuta na gundi. Baada ya misimu kadhaa, kipande kimoja kinaweza kubaki na kibao badala ya kubaki ukutani. Kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka, hii ni njia nzuri, nyepesi na ya haraka. Ongeza uzi wa usalama: toboa tundu dogo kwenye pembe ya kibao, pitisha waya mwembamba hadi kwenye mpini wa karavani. Velkro ya kawaida, ile ya nguo na mabegi, haina nguvu ya kazi hii, na ikilowa ni mbaya zaidi.

3. Breketi kwenye mipini ya nyuma

Karavani nyingi zina mipini ya kusukumia kwenye pembe za nyuma. Breketi ya alumini inayoshika mpini kwa klampu yenye mpira ndani haihitaji gundi wala tundu. Ukiwa na mipini imara na iliyo kwenye urefu sahihi, hii inaweza hata kupanda juu ya namba mbili. Tatizo ni kwamba mipini hutofautiana mno. Mingine iko chini ya sentimita 50 kutoka ardhini, mingine imesimama wima karibu na taa kiasi kwamba kibao kitafunika indiketa. Kagua kabla ya kuagiza, na urudie kukaza skrubu baada ya safari ya siku ya kwanza.

4. Kamba za mpira na tai za plastiki

Za dharura tu. Kibao kilichofungwa kwa kamba hutikisika, husugua rangi, na hugeuka mshazari. Umegundua bandarini kwamba huna ufungaji mwingine? Funga, bana pembe zote nne, weka kitambaa nyuma ya kibao. Ukifika kambini, tafuta suluhisho la kudumu.

Usinunue

Vibao vya sumaku vimetengenezwa kwa bodi za chuma. Ukuta wa karavani ni faibaglasi, plastiki au alumini, na sumaku haishiki chochote kati ya hivyo. Vikombe vya mpira vya kufyonza navyo huachia jua likiwaka kisha usiku ukipoa, na kwa kuwa viko nyuma hutajua vimeachia saa ngapi. Kipande cha alumini kinachoruka kwenye barabara kuu kinaweza kumuua mwendesha pikipiki aliye nyuma yako. Kuhusu stika za kubandika moja kwa moja ukutani, zinashika vizuri, ila hazitoki.

Usichanganye na alama nyingine

Ukibeba baiskeli nyuma, Hispania inataka pia kibao cha V-20 kwa mzigo uliochomoza: mraba wa sentimita 50 wenye mistari ya nyekundu na nyeupe. Hakichukui nafasi ya V-6, wala V-6 haikitoshelezi. Na stika za maeneo yasiyoonekana na dereva, ambazo Ufaransa imezidai tangu 2021, zinahusu magari yanayozidi kilo 3,500. Dukani huwekwa rafu moja na vibao hivi, na wauzaji wengine hawajui tofauti.

Ukishapakia kila kitu, baiskeli zikiwemo, rudi hatua kumi nyuma usiku ukiwa na tochi uliyoishika karibu na jicho. Vibao vyote viwili vinapaswa kung'aa mzima mzima, na taa zote na namba zionekane. Gurudumu la baiskeli likikata kimoja, sogeza baiskeli.