Nimerudia Jane Eyre, safari hii kwa masikio

Kama ulisoma kitabu cha hadithi cha Jane Eyre sekondari ukakipenda, kitafute cha kusikiliza. Mimi nimemaliza sura zote 38, nyingi nikiwa kwenye teksi kati ya Seeta na Nakawa, na kitabu kimekuwa kikubwa kuliko nilivyokikumbuka.

Rekodi niliyoichagua ni ya LibriVox, msomaji ni Elizabeth Klett. LibriVox ni mradi wa watu wanaojitolea, ulioanza mwaka 2005. Wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Hiki cha Charlotte Brontë kilitoka mwaka 1847, kwa hiyo hulipi hata shilingi. Kila sura ina faili yake. Nilizipakua zote penye waifai, nikasikiliza bila kugusa bando. Weka kwenye simu programu inayokumbuka ulipoishia. Ya kwanza niliyokuwa nayo ilikuwa inasahau, nikaifuta.

Bwenini tulikuwa na nakala moja ya kupokezana, na kila aliyeishika alikimbilia kwa Rochester, tajiri ambaye Jane anampenda, kwa sababu wenzake walikuwa wanangoja zamu. Msomaji wa sauti hakimbizwi. Anakupitisha Lowood, shule ya yatima aliyosomea Jane, kwenye baridi, njaa na kifo cha rafiki yake Helen Burns, hata Jane anapofika Thornfield, nyumba ya Rochester, kuwa mwalimu, na miaka yake 18 umeshamjua ni mtu wa namna gani. Sura ya 23, pale anapomwambia Rochester kwamba umaskini haumnyimi roho wala moyo, Klett hapazi sauti, anaikaza. Konda alinidai nauli mara mbili sikumsikia.

Lakini sehemu iliyonishika zaidi ni ile ambayo wengi huipitia juujuu: Jane akishaondoka Thornfield, baada ya kugundua kwamba Rochester ana mke. Kifurushi chake amekisahau kwenye gari la farasi, hana pesa, anaomba kazi nyumba kwa nyumba. Anamkuta mtoto wa kike akitaka kumwaga uji uliopoa kwenye hori la nguruwe, anauomba. Umeganda, anamiminiwa mkononi, anaula hivyo hivyo. Kwenye kitabu ni mistari michache tu. Nilipoisikia, ilibidi nisimamishe kidogo.

Halafu anakuja St John, mchungaji kijana anayetaka kumwoa waende India kwenye umisionari. Sura hizo nilizifungulia spika nyumbani tukimenya matoke, na mpwa wangu wa S3 (kidato cha tatu) akaweka kisu chini: "Shangazi, huyu si anatafuta mfanyakazi?" Ndivyo hasa. Rochester alimtaka kwa mapenzi bila ndoa halali, St John anamtaka kwa ndoa bila mapenzi, na Jane, yatima asiye na wa kumtetea, anawakatalia wote wawili. Kwetu binti akiposwa na mtu wa kanisa, mwenye adabu na kazi, akakataa, ukoo mzima utamuuliza anataka nini zaidi. Jane anajua anachotaka, na anakisema.

Kuna jambo linaloniuma. Mke huyo wa Rochester, Bertha kutoka Jamaika, aliyefungiwa darini, hapewi nafasi ya kueleza ya kwake. Kwa kusikiliza, pengo hilo ni kubwa zaidi, maana msomaji mzuri humpa kila mtu sauti: Bi. Fairfax msimamizi wa nyumba, Adèle mtoto anayefundishwa na Jane, hata watumishi. Bertha anabaki na kicheko na mayowe. Rochester ndiye anayesimulia ndoa yao, na tunatakiwa kumwamini. Mpwa wangu hakumwamini, nami nilifurahi.

Sura nyingi ni za kama nusu saa, zinaenea safari moja ya foleni. Anzia ya 1 hata kama unakumbuka kila kitu. Ya 27, ya kuagana na Rochester, isikilize ukiwa nyumbani na mlango umefungwa.