Utabiri wa mvua kwenye simu: je, unamfaa mwanika dagaa wa Igombe?

Programu ya hali ya hewa inayokuja ndani ya simu janja nyingi hailipiwi zaidi ya bando, na kwa anayepanga safari ya Sengerema au harusi ya Jumamosi inatosha kabisa. Mimi nimeipima kwa kazi ngumu zaidi: kuamua alfajiri, mitumbwi inaporudi mwaloni (kwenye ufuko wa kushushia samaki) Igombe, mkoani Mwanza, kama mzigo wa dagaa uanikwe leo au la. Dagaa hukauka kwa siku moja ya jua kali, lakini wakinyeshewa wakiwa wabichi huharibika rangi na harufu, na mwenye mzigo hujikuta akiuza kwa bei ya chakula cha kuku.

Kwa siku mbili tatu mbele, sina ugomvi nayo. Wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huonyesha mapema wiki inayoelekea kuwa ya mvua, jambo ambalo hakuna dalili ya wazee inayoliweza. Udhaifu wake uko katika saa chache zijazo. Ile asilimia 60 ya uwezekano wa mvua inayoandikwa chini ya jina la Mwanza huhesabiwa kwa eneo pana linalochanganya maji na nchi kavu, ilhali hapa pande hizo mbili hazinyeshewi kwa saa zilezile. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, upepo ukavuma kutoka pwani zote kuelekea majini, hewa ikakutana huko na kupanda, na ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri. Mchana upepo hugeuka, na mawingu hujijenga zaidi juu ya nchi kavu. Kwa hiyo picha ya wingu lenye matone inaweza kusimama kwenye kioo siku nzima huku mchanga wa mwaloni ukiunguza nyayo.

Dalili za wazee nazo hazina uzito sawa. Mlio wa ndege dudumizi hutangaza majira ya mvua, si mvua ya leo. Duara linalouzunguka mwezi hutokana na chembe za barafu katika mawingu membamba ya juu sana, ambayo kwetu mara nyingi ni mabaki ya radi iliyokwisha kupiga kwingine. Wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi, ambao wengine huwahusisha na mvua, hufuata zaidi mzunguko wa mwezi.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni upepo. Joto likiwa bado limeshika, shati limegandamana mgongoni, ghafla huja upepo wa baridi kutoka upande wa wingu jeusi na kingo za nyavu zilizotandazwa kuanikia dagaa huanza kuinuka. Nilipokuwa bado natafuta mtandao, mama mmoja jirani alishaanza kukusanya: “Mwanangu, kunja kwanza, simu utaisoma baadaye.” Hewa iliyopozwa na mvua huporomoka kutoka winguni, ikatambaa juu ya ardhi na kufika kabla ya mvua yenyewe, hivyo dalili hii ni habari ya kitu kilichokwisha kuanza. Kasoro yake ni kwamba humwachia mtu dakika chache tu, na mwenye mzigo mkubwa bila vibarua hatawahi.

Naipa programu nyota tatu kati ya tano. Itumike jioni, kuamua kiasi cha kununua kesho yake, sambamba na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa watumiaji wa Ziwa Victoria. Anayeitumia asiridhike na jina la jiji. Abonyeze ramani aweke alama kwenye mwalo wake, kisha asome mstari wa upepo saa kwa saa, ambao wengi huupita wakikimbilia picha ya wingu.