Antibodi 6-11B-1: kwa silia iko poa sana, ila jua unanunua nini

Hii antibodi (protini ya maabara inayoshika kitu kimoja maalumu kwenye seli ili ukione) naipa nyota tano, lakini kwa kazi yake tu, yani kuonyesha silia, vile vijiti vyembamba kama nywele juu ya seli, na hapo ndo wengi wanapotea. Mtu anaona neno asetili kwenye kichupa anadhani itamwonyesha asetilesheni yote ya seli (alama ndogo ya kikemikali, asetili, inayobandikwa kwenye protini), histoni zinazofungiwa DNA na kila kitu, hapana jamani, inashika asetili iliyo kwenye asidi amino ya 40, laisini, ya alfa-tubulini, protini inayojenga mabomba membamba ya seli yaitwayo maikrotubuli, basi. Kama unataka histoni, zile ambazo watafiti Allfrey na wenzake walizungumzia asetili yake tangu 1964, tafuta antibodi yake.

Sasa kwa tubulini aisee. Unazinyima seli za RPE1 (seli za retina ya binadamu zinazokuzwa maabara) seramu, yani majimaji ya damu yanayozikuza, siku moja zinaacha kugawanyika zinaotesha silia, unafiksi (unazituliza kwa kemikali), unaweka hii ikiwa imezimuliwa 1:1000, ukichungulia kwenye maikroskopu unaona kijiti kinang'aa juu ya seli, moja moja, hata mwanafunzi mgeni anaweza kuzihesabu. Na si bahati, Piperno na Fuller walioitangaza 1985 walianzia kwenye mikia ya mbegu za kiume za yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayechoma watu miguu (sea urchin), na ule mkia ndani umejengwa kama silia tu.

Pia naipenda kwa kupima dawa. Enzaimu inayoweka hiyo asetili ni alfa-TAT1 (imejulikana 2010), inayoitoa zaidi ni HDAC6, kwa hiyo ukiziba HDAC6 kwa dawa ya tubasini, bendi (mstari wa protini) yako ya karibu kD 50 kwenye western, kile kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa, inanenepa waziwazi, na kama hainenepi basi angalia dawa yako kwanza kabla hujailaumu antibodi. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba laisini hiyo imekaa NDANI ya bomba la maikrotubuli, yani enzaimu lazima iingie humo kufanya kazi!

Kasoro: kwenye nyuroni (seli za neva) usiitumie kutafuta silia, aksoni, zile nyuzi zao ndefu, zimejaa tubulini yenye asetili zinawaka zote, huko ongeza antibodi ya ARL13B, protini ya silia. Seli zinazomaliza kugawanyika nazo zinawaka pale kwenye daraja la katikati linalounganisha seli mbili mpya, usihesabu hilo kama silia. Halafu imetengenezwa kwa panya, kwa hiyo kwenye tishu za panya antibodi ya pili (ile inayong'aa, inayoshika antibodi za panya) itashika na vingine, bloku vizuri. Ikifika tu igawe kwenye vitubu vidogo ugandishe, usiwe unaigandisha na kuiyeyusha kila siku.